Namna ya kuwapata waimbaji na wapigaji wa asili wa Nyanda za Juu Kusini ambao hakuna anayewajua, kuwasikiliza na kuwarekodi vizuri: mwongozo kamili

Nafanya kazi ya simu Mwanjelwa hapa Mbeya mjini, natengeneza na pia najaza nyimbo kwenye memori kadi na fleshi. Kwa siku wanakuja watu wengi wanataka bongofleva, singeli, kwaya, zile za dansi za zamani, ila hakosekani mtu mzima mmoja ambae anasubiri wengine waondoke afu anaegemea kaunta anauliza taratibu, mwanangu, za kwetu huna? Anamaanisha za Kinyakyusa, za Kisafwa, za Kihehe, za Kibena, za Kikinga. Miaka mingi jibu langu lilikua hapana mama, sina, labda nikuwekee kwaya.

Siku moja akaja mama ametoka Rungwe na simu ya batani iliyoingia maji. Hakutaka simu itengenezwe, alitaka kitu kimoja tu kilichomo kwenye kadi, baba yake akiimba, alimrekodi mwenyewe mzee akiwa amekaa nje anapukuchua mahindi, na mzee alikua ameshafariki. Nilihangaika na ile kadi siku mbili nikatoa sekunde 40, kati ya dakika 6. Alizisikiliza pale pale kwenye benchi mara nne, akasema ndaga, yani asante, akaondoka. Kuanzia hapo nikaanza kuwatafuta mwenyewe, Jumapili na sikukuu, kwa kosta na bodaboda, Rungwe, Kyela, Mbozi, Makambako mpaka Kilolo. Watu wanasema hawa wanamuziki wameisha, sio kweli, wapo, tena wengine wapo kilomita chache tu kutoka barabara kuu ya Iringa. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda, kukaa, na kuandika jina la mpigaji. Hilo la jina ntalirudia maana ndo tunapokosea wengi, na mimi nimelikosea.

ANZA NA MASIKIO KABLA YA NAULI

Usiondoke nyumbani kwenda kutafuta wapigaji wakati masikio yako yamezoea muziki wa kompyuta peke yake, utafika na hutajua umesikia nini. Jipe wiki mbili tatu za kusikiliza kwanza.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na gari lenye mitambo ya kurekodia, akarekodi makabila mengi, Wahehe wakiwemo. Kazi zake zimehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki wa Afrika inayoitwa ILAM aliyoianzisha mwaka 1954, saivi iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu ya zile za kwetu zilitolewa kwenye sidii mbili, Tanzania Instruments na Tanzania Vocals, na ukitafuta mtandaoni utazisikia. Ukiwa mtu wa Iringa tafuta humo ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe. Usiweke kwenye spika ya simu, tumia earphone hata za bei rahisi, maana ligombo ni chombo cha sauti ndogo na spika ya simu inaimeza.

Afu wasikilize hawa, na kila mmoja msikilize kwa sababu yake.

Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Sikiliza ilimba yake, kile chombo cha vyuma vidogo kinachopigwa kwa vidole gumba. Utasikia chini ya noti kuna mlio unaowasha kama nyuki. Mara ya kwanza nlidhani faili limeharibika. Sio faili, ni utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu za ilimba makusudi ili sauti itetemeke. Weka hilo kichwani, maana ukifika Kyela kwenye vibuyu vya mapenenga, ngoma ya huko, utakutana na mlio wa namna hiyo hiyo, na ukiwa hujui utamwambia mzee wa watu kibuyu chake kibovu. Familia yake inaendelea, Zawose Queens walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024, wanawake ambao miaka yote walikua nyuma wakiitikia sasa ndo wanaongoza.

Morris Nyunyusa, yule asiyeona aliyekua anapiga ngoma nyingi peke yake. Kila Mtanzania wa umri fulani anaujua mkono wake maana ngoma zake ndo zilikua zinafungua taarifa ya habari redioni, ila muulize mtu jina la mpigaji uone. Nchi nzima ilimsikia kila siku, na jina halikukaa vichwani.

Saida Karoli kutoka Kagera, nyimbo zake za Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipigwa mpaka huku kwetu ambako hakuna anayejua Kihaya, na watu walicheza. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wimbo wa kilugha hauwezi kutoka nje ya wilaya. Na jirani zetu hapo Malawi, Giddes Chalamanda, mzee wa gitaa wa nyimbo za kijijini, wimbo wake wa Linny Hoo ulivuma TikTok dunia nzima yeye ameshapita miaka 90. Malawi yenyewe kutoka Kasumulu mpakani ni hapo tu ng'ambo.

UNATAFUTA NINI HASA

Iringa na Kilolo tafuta ligombo. Ni mti uliochongwa ukawa kama beseni refu, juu yake unapita uzi mmoja unaokwenda na kurudi kwenye meno ya pembeni mpaka unakua kama nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Mpigaji anaimba huku anapiga, mara nyingi ni habari za watu na vita na watawala, na kwa Wahehe habari hizo hazikosi kumfikia chifu wao Mkwawa. Ndio maana nashauri kabla hujaenda kijijini upite Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, na pale Boma la Iringa mjini ambalo limekua makumbusho tangu 2016. Sio utalii. Mzee akiimba akataja Lugalo na we hujui kwamba Wahehe waliwapiga Wajerumani pale mwezi wa 8 mwaka 1891, nusu ya wimbo imekupita.

Rungwe na Kyela kuna ing'oma, ngoma kubwa na filimbi na wanaume kwenye mstari, kuna ngoma za kibota na maghosi, na kuna hayo mapenenga ya vibuyu. Ukishuka ziwani upande wa Mbamba Bay unakuta ngoma ya mganda ya wanaume na kioda ya akina mama. Mganda umetokana na gwaride la kijeshi, walioutengeneza waliona askari wa vita ya kwanza ya dunia wakipiga kwata na bendi zao, wakachukua mistari na sare nyeupe na hatua, tarumbeta wakatengeneza kwa vibuyu. Songea kwa Wangoni kuna ngoma ya lizombe.

Na usidharau matarumbeta ya kanisani. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na Walutheri mwaka huo huo, wakaja na upigaji wa tarumbeta, sasa ni zaidi ya miaka 100 vijiji vya Rungwe vinapiga, na upigaji umeshageuka kua wa kwetu, ukisikia msibani alfajiri utanielewa. Watu wanaotafuta muziki wa asili wanaupita kwa sababu chombo kimetoka Ulaya. Kwangu mimi kijiji kikifundishana kitu kutoka babu mpaka mjukuu ni chake.

(Ukiwa Iringa mjini na unapenda dansi, uliza wazee habari za Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Sio ngoma za asili, ila wanaoikumbuka bendi ndo hao hao wanaojua nani anapiga ligombo wapi.)

WANAPATIKANA WAPI

Sio mtandaoni. Na ofisini utapata vikundi vile vinavyoitwa kwenye Mwenge na ugeni, ni vizuri, wana sare na wana ratiba, na afisa utamaduni wa wilaya anayo orodha yao, anza nae maana pia atakupa barua ya utambulisho. Ila mpigaji mmoja mmoja anayepigia nyumbani kwake hayumo kwenye ile orodha.

Nenda Nane Nane, maonyesho ya wakulima, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, tarehe 1 mpaka 8 mwezi wa 8, vikundi vinakuja kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, usiangalie jukwaani tu, nenda nyuma wanapovalia na kukausha ngoma, pale ndo utapata muda wa kuongea. Nenda na lile tamasha la ngoma za asili la taasisi ya Tulia Trust pale Tukuyu, likiwepo. Kwenye sehemu zote hizo swali ni moja, nalo usimuulize kiongozi wa kikundi peke yake, muulize yule mzee kuliko wote: nani alikufundisha, na yuko wapi? Mara nyingi aliyemfundisha ameshafariki. Ila mara nyingine atakwambia yupo, haji kwenye haya mambo, miguu inamsumbua. Huyo ndo wa kumfuata.

Iringa na Njombe nenda kwenye vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi, kipindi cha masika mianzi inapotoa. Jioni watu wakishapata mbeta (kile chombo cha mwanzi) moja mbili kuna mtu ataanza kuimba na wote watanyamaza. Usirekodi pale, mtu aliyelewa hajakupa ruhusa hata kama ameitikia. Jua jina lake na nyumbani kwake, rudi asubuhi nyingine.

Msibani hivo hivo. Nyimbo nzito kabisa za akina mama wa Kinyakyusa nimezisikia msibani, na simu yangu ilikua mfukoni muda wote. Baada ya arobaini unaweza kurudi kuuliza.

Wengine wanaosaidia sana: mafundi wanaowamba ngoma, wachungaji wa vijijini, madereva bodaboda wenye umri kidogo, na akina mama wanaouza sokoni. Sokoni Tandale pale Tukuyu niliuliza wauza ndizi watatu tu nikaelekezwa nyumba mbili.

SIKU YA KWANZA USIREKODI

Najua umetoka mbali na nauli imekuuma. Lakini ukifika unatoa simu, mzee anageuka kua mtu wa kupigwa picha, atakuimbia wimbo mmoja wa kukuridhisha uondoke.

Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, akupeleke au akutumie mtu. Msalimie mzee kwa lugha yake hata kama ni neno moja, mugonile kwa Rungwe na Kyela, kamwene kwa Iringa na Njombe, afu shikamoo inafuata. Kaa pale wanapokaa. Beba sukari, sabuni, majani ya chai, sio kama malipo, ni kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Jitambulishe ukoo wako, wewe ni wa nani na umetoka wapi, kwa mzee hiyo ina uzito kuliko barua yako. Afu sema ukweli wote ulichojia: nataka kusikiliza, na siku nyingine ukiruhusu nirekodi, na rekodi ntaitumia hivi na hivi. Kama utaweka mtandaoni sema mtandaoni, na muonyeshe kwenye simu mtandaoni ni wapi, muonyeshe video ya mtu mwingine ina watu wangapi wanaangalia. Mzee mmoja wa Mbozi baada ya kuona akaniambia kijana hizi nyimbo mbili ruksa, ile ya tatu ni ya kwetu sisi wa nyumba hii. Ile ya tatu sijawahi kuigusa.

KUREKODI KWENYEWE

Hapa ntakaa kidogo maana ni kazi yangu.

Simu inatosha. Kama una hela ya rekoda ndogo ya mkononi nunua, ila usisubiri. Kwenye simu weka programu ya kurekodi inayotoa WAV, faili la sauti isiyobanwa, na kama haina basi M4A ya kiwango cha juu kabisa. WAV ya stereo ya kawaida inakula kama MB 10 kwa dakika, saa moja kama MB 600, kwa hiyo safisha simu kabla hujaondoka. Zima data, weka flaiti modi. Rekodi yangu ya kwanza ya ligombo Kilolo ilikatwa katikati na mtu aliyepiga simu kuulizia chaji yake, na mzee hakurudia vile tena, alirudia vingine.

Zima vile vitu vya kusafisha sauti, ile ya kuondoa kelele. Simu inadhani mlio wa utando wa kibuyu ni kelele, inaufuta. Unabaki na muziki uliofuliwa.

Usiiweke simu juu ya meza wala kiti, mbao inabeba mtikisiko wa mguu. Kunja kanga au sweta mara nne, iweke juu yake. Ligombo na sauti ya mtu mmoja, kaa kama nusu mita mpaka mita moja, elekeza maiki katikati ya kibuyu na kinywa, usielekeze kwenye vidole maana utapata mikwaruzo ya kucha kuliko noti. Ngoma ni mambo mengine, rudi nyuma mita 5 au 6, na usisimame mbele ya ngoma kubwa. Piga jaribio la nusu dakika wakiwa wanapiga kwa nguvu zote, sio kwa kuigiza, afu sikiliza kwa earphone. Sauti ikipasuka hakuna fundi atakayeitengeneza, hata mimi. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadae.

Upepo wa huku kwetu mchana ni adui, funika maiki na soksi safi au kipande cha sponji. Mvua ikianza na nyumba ni ya bati acha, mkanywe chai. Kuku na watoto usiwafukuze sana, kidogo wanaonyesha ni nyumbani, ila redio ya jirani omba izimwe kwa heshima.

Afu kuna suala la kukausha ngoma. Mwezi wa 6 na wa 7 Rungwe na Makete ni baridi na ukungu, ngozi inalegea. Watawasha moto wa magunzi au majani makavu, wanazigeuza ngoma pale pembeni, mtu anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha, anagonga tena. Inaweza kuchukua nusu saa na baada ya nyimbo chache wanarudi motoni tena. Rekodi na hiyo. Na ligombo hivo hivo, kwa kua uzi ni mmoja ukivuta upande mmoja wa jirani yake unabadilika, mzee anavuta, anarudi nyuma, anaguna, anavuta tena, na kuna muda anaimba kimya kimya kupata sauti anayoitaka. Mimi mwanzo nlikua nasubiri amalize ndo nibonyeze. Saivi nabonyeza akishakaa tu, kwa sababu vijana wakitaka kujifunza siku moja watahitaji kujua anafikaje kwenye ile sauti.

Video piga simu ikiwa imelala, usikatekate, chukua wimbo mzima, afu wimbo mwingine rudia ukiwa karibu na mikono. Kabla ya kila wimbo, rekodi ikiwa inaendelea, mwambie mwenyewe ataje jina lake, kijiji, tarehe, jina la wimbo. Karatasi inapotea, sauti yake mwenyewe haipotei na faili.

DAFTARI, NA HILI NENO "WA ASILI"

Nunua daftari la counter book. Kila wimbo ukurasa wake. Jina kamili la mwimbaji na jina analoitwa kijijini, wanaomuitikia wote mmoja mmoja, kijiji na wilaya, lugha, chombo na nani alikichonga, alijifunza kwa nani, wimbo huimbwa lini, maneno ya wimbo kama yanavyoimbwa na chini yake maana yake kwa Kiswahili mzee anavyoeleza yeye, sio unavyodhani wewe. Na mstari wa muhimu kuliko yote: nani alitunga.

Nilikua na wimbo kutoka Kilolo, mzuri mno, niliuandika "wimbo wa asili wa Wahehe" nikaugawa kwa wateja. Kuna mtu mwenye chaneli akauchukua akaupandisha na maandishi hayo hayo, wa asili, hakuna jina la mtu, watu wakausifia utamaduni wetu. Niliporudi Kilolo mara ya pili nikamuuliza mzee, huu wimbo ni wa zamani sana eti? Akashangaa. Akasema huu ni wa shangazi yangu. Aliutunga mume wake alipoenda manamba Tanga kwenye mkonge na hakurudi, aliuimba akiwa anasaga, sisi watoto tukaushika. Mzee alijua nyumba aliyoishi, alijua kaburi lake, alijua mwaka ule mahindi yalikua hayajaiva. Yani kuna mwanamke aliyekaa na uchungu wake akatunga kila neno, na mimi kwa maneno mawili nilimfuta.

Kwa hiyo usiandike wa asili mpaka umeuliza watu watatu na wote hawajui. Ukweli zipo ambazo hakuna anayejua, ziandike hivo. Ila nyingi zina mwenyewe, na mara nyingi sana ni mwanamke. Jina la yule shangazi liko kwenye daftari langu, familia wameomba wakae kwanza waelewane kabla halijawekwa hadharani, na mimi nasubiri. Hilo nalo liheshimu, jina ni la kwao.

HELA

Kuna watu wanaona aibu kuongelea hela kwenye mambo ya jadi. Mzee ametumia siku yake nzima, shamba limelala. Mimi natoa elfu 20 mpaka 30 kwa mtu mmoja, kikundi tunapatana kabla, na natoa mkononi kwa kila mmoja mbele ya wote, sio kumpa kiongozi bahasha. Hiyo ni ya siku yake, sijanunua wimbo.

Kama rekodi itaingiza hela, andikeni makubaliano kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, asaini au aweke dole gumba, na mtoto wake au mwenyekiti ashuhudie, nakala ibaki kwake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua pia mwimbaji au mpigaji hata kama wimbo hakutunga yeye, ndo maana ya hilo neno hakishiriki. Sanaa za jadi nazo zimewekewa ulinzi humo humo. Kusajili ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na vibali vya mambo ya sanaa ni BASATA, baraza la sanaa. Msaidie mzee kujaza fomu, usijaze jina lako kwa kua we ndo una simu.

KUTUNZA NA KURUDISHA

Jioni ile ile, kabla hujalala, nakili sehemu tatu: laptopu, diski ya nje, na moja mtandaoni. Memori kadi sio ghala, nakwambia mimi ninayezikuta zimekufa kila wiki. Faili lipe jina linaloeleweka, mwaka, mwezi, tarehe, kijiji, mwimbaji, wimbo. Lile la mwanzo usilifanyie chochote, ukitaka kukata kata kwenye nakala. Ukituma wasap tuma kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa.

Afu rudisha. Hii hatua wengi wanaiacha na ndo inayofungua milango yote inayofuata. Nunua zile redio ndogo zinazosoma kadi, weka nyimbo zake, mpelekee nyumbani, mfundishe mjukuu wake kubonyeza.

Nilivyompelekea mzee wa Kilolo tuliiweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa. Ilipofika kwenye wimbo wa shangazi yake mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza kama dakika, akasema hapo ameruka. Mzee akabisha. Mama akaanza kuimba palepale, kuna beti nzima ambayo mzee hakuwahi kuiimba, mke anajibiwa na wenzake aliowauliza kama wamemuona mume wake njiani. Alijifunza kwa mama mkwe wake. Nilikua nimeenda kwenye ile nyumba mara tatu, nimenywa chai yake mara tatu, na sikumuuliza mama hata siku moja kama anaimba. Nikazima redio, nikakunja sweta, nikamuomba ruhusa. Akasema ngoja kwanza niepue ugali.